Matundu Yaliyozibwa Nyumbani kwa Bwana Rashidi

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa mwiko wala nyundo. Fundi Mkuu wa karakana ya majengo pale Iringa alinichukua hadi nyumba ya karani mmoja, akanisimamisha mbele ya ukuta wa chumba cha kulala, akasema, "Nusa."

Nilidhani ananitania. Nilikuwa mtu mzima mwenye mke, nimejifunza uashi misheni, na nilijiona najua kupanga tofali kuliko wengi. Lakini mkubwa wa kazi akisema nusa, unanusa.

"Kunanuka nini?"

"Udongo, mzee. Kama udongo uliopata mvua."

"Basi ukuta huu unakunywa maji kutoka chini. Waliojenga hawakuweka tabaka la lami juu ya msingi. Ungenuka kama nguo iliyokunjwa mbichi, ningekwambia maji yametoka kwa watu wenyewe."

Nikamwuliza watu wanatoaje maji ya kulowanisha ukuta. Fundi Mkuu, ambaye wazazi wake walitoka pwani na ambaye hakupenda kurudia maneno, akakivuta kioo kidogo kilichokuwa mezani, akakipumulia, akanionyesha ukungu uliotanda. "Hayo ni maji. Sasa fikiri watu watano wamelala chumba kimoja, dirisha limefungwa, usiku mzima wa baridi ya Iringa. Yatakwenda wapi?"

Hivyo ndivyo nilivyoingia kazi ya kutafuta unyevu. Vijana wa leo wanaona ajabu nikiwaambia kwamba kulikuwa na watu wanaolipwa kwa kazi hiyo, lakini katika miaka ile ya hamsini nyumba za tofali zilikuwa zinaongezeka mijini, na watu waliohamia humo walikuwa wametoka kwenye nyumba za nyasi. Nyumba ya nyasi inapumua yenyewe. Nyumba ya tofali iliyopigwa lipu na kuezekwa bati haipumui mpaka uipe pua, na pua zake ni yale matundu ya hewa yanayoachwa juu ukutani, karibu na dari. Hewa ya moto yenye mvuke hupanda juu na kutokea hapo. Mtu akisikia baridi, kitu cha kwanza anachofanya ni kuyaziba. Anaziba kwa matambara, kwa magazeti, kwa udongo. Mwezi haupiti kabla kuvu nyeusi haijaota kwenye pembe za chumba na watoto kuanza kukohoa.

Nilifanya kazi Iringa chini ya Fundi Mkuu huyo kwa miaka kadhaa. Nilijifunza kugonga lipu kwa kifundo cha kidole na kusikia pale ilipoachana na tofali. Nilijifunza kupanda darini na kutafuta bati lililotoboka kwa kufuata alama ya maji kwenye mbao. Mara nyingine tulitumwa bonde la Ruaha, huko Mbuyuni, ambako joto lilikuwa kali hata watu wakalala nje, kisha tukapanda tena mlimani tukakuta kila mtu amejifungia kama yumo ndani ya chungu. Kazi yetu ilikuwa kubishana na baridi, na baridi ilikuwa na wafuasi wengi kuliko sisi.

Baadaye nilihamishiwa Mbeya. Huko nikawa chini ya Mkaguzi wa Majengo wa mji, Kalasinga mmoja mrefu, mpole wa sauti, aliyekuwa anafahamu Kiswahili vizuri ila alikisema kwa sentensi fupi fupi, kama mtu anayepanga tofali. Yeye ndiye aliyenifundisha kutumia vipimajoto viwili. Viko pamoja kwenye kibao chenye mpini. Kimoja kiko kavu, cha pili kimevishwa kitambaa chenye maji. Unakizungusha kibao hewani kama unafukuza nzi, kisha unasoma. Hewa ikiwa kavu, maji ya kitambaa hukauka upesi na kile kipimajoto hupoa, kwa hiyo vinatofautiana sana. Vikisoma karibu sawa, ujue hewa imeshiba maji, haiwezi kubeba zaidi, na itayatema kwenye kitu chochote chenye baridi.

Mkaguzi alikuwa na maswali yake ambayo hakuyabadilisha kamwe. Kila nyumba aliuliza: mnalala wangapi, mnaanika nguo wapi, mnapika ndani, bati linavuja. Mfuatano ule ule, maneno yale yale. Nilikuwa namsikiliza kama mtu anayesikiliza sala anayoijua.

Mwaka mmoja, mwanzoni mwa kipupwe, alikuja ofisini Bwana Rashidi. Alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa pale mjini, mtu wa heshima, mcheshi, asiyekosa swala. Siku hiyo hakuwa na ucheshi. Alisema nyumba yake inatoka jasho.

"Nje kuna vumbi, Bwana Mkaguzi. Mvua zimekwisha zamani. Lakini ndani kwangu kuta zinalia. Mama yangu kifua kimembana, hapumui vizuri. Na nimenunua mashine ya kukausha hewa! Nimeileta kutoka Dar es Salaam!"

Mkaguzi na mimi tukatazamana. Mashine ya hewa Mbeya? Siku hizi mnaiita kiyoyozi na mnaiona kila mahali. Wakati ule nilikuwa nimesikia habari zake tu. Tulikwenda siku hiyo hiyo mchana.

Ilikuwa nyumba nzuri ya tofali za kuchoma, yenye ua mpana nyuma. Alitupokea mke wa Bwana Rashidi, Bi Zainabu, mwanamke mwenye afya, mwepesi wa kutembea, aliyecheka kabla ya kumaliza kusema. Alitupeleka chumba cha mama mkwe wake. Bibi Tatu alikuwa ameketi kitandani, ameegemea mito, shuka shingoni, na kila pumzi yake ilipiga mluzi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, wanangu. Mmekuja kunikausha?"

Bi Zainabu akacheka. "Mama, usiwatishe mafundi. Wamekuja kukausha nyumba."

Mashine ilikuwa imepachikwa ukutani, sanduku kubwa la chuma, nusu ndani nusu nje. Mkaguzi aliikagua kwanza. Aliweka pima maji juu yake kupima ulalo, akaniita nione. Ililalia ndani. Mashine kama hiyo hunyonya mvuke wa chumba na kuugeuza maji, na maji hayo yanatakiwa kuteremka kuelekea nje, kwa hiyo lazima ilalie nje kidogo. Hii ilikuwa inayamwaga ukutani. Akafungua kifuniko, akatoa chujio lililojaa vumbi zito kama blanketi. Bwana Rashidi akasema kwamba hata hivyo wameacha kuiwasha tangu baridi ilipoanza, maana ilikuwa inaganda barafu na kumtetemesha mama.

"Sawa," akasema Mkaguzi. "Mashine haina kosa kubwa. Chumba hiki kina baridi tayari. Ukiiwasha, itaganda tu." Kisha akainua macho juu, karibu na dari.

Matundu ya hewa hayakuwapo. Niliposogea na kupapasa nikaona mahali yalipokuwa. Yalikuwa yamezibwa kwa saruji na kupakwa rangi, safi kabisa.

"Fundi aliyefunga mashine aliniagiza," Bwana Rashidi akaeleza. "Alisema hewa baridi itatoroka. Nikamwambia azibe yote. Na pembeni mwa dirisha pia."

Nilizungusha vipimajoto. Vikasoma karibu sawa. Nje uani, vilitofautiana sana. Maji yalikuwa yanazaliwa humo humo ndani, na tulitaka kujua yanatoka wapi. Mkaguzi akaanza maswali yake. Bi Zainabu akajibu. Katika chumba hiki analala mama, na yeye mwenyewe analala naye siku hizi ili amtunze. Nguo zinaanikwa uani.

"Mnapika ndani?"

"Hatupiki ndani, Bwana. Jiko letu liko uani, njoo ulione."

Ilikuwa kweli. Jiko lilikuwa uani, chini ya kibanda chake, safi, na sufuria zimepangwa. Bati halikuvuja. Nilipanda darini nikashuka na vumbi kavu mikononi.

Ikabaki kujua kama msingi unanyonya maji kutoka ardhini. Kwa hilo tulikuwa na njia ya kioo. Unachukua kipande cha kioo, unakibandika ukutani kwa ule udongo laini wa kuzibia vioo vya madirisha, unaziba pande zote, unakiacha usiku kucha. Asubuhi, jasho likiwa upande wa ndani, kati ya kioo na ukuta, maji yanatoka ukutani. Likiwa upande wa chumba, maji yamo hewani. Nilikibandika kioo juu kidogo ya kitanda cha Bibi Tatu.

"Kesho asubuhi tutakuja," Mkaguzi akamwambia Bwana Rashidi. "Kwa vyovyote matundu tutayafungua. Fundi Kosmasi hapa ataleta patasi."

Bi Zainabu akatusindikiza hadi barazani. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Fundi, mama atapona?"

"Chumba kikikauka, atapata nafuu."

"Mje mapema basi," akasema. "Nitawapikia vitumbua."

Tulifika jua limeshachomoza. Bwana Rashidi alikuwa ametoka alfajiri kwenda msikitini na kutoka huko akaenda dukani, hakutaka kuwaamsha. Tukapiga hodi. Kimya. Tukapiga tena. Nikazunguka uani, jiko lilikuwa baridi, hakuna vitumbua, hakuna moshi. Nyumba ya Mswahili asubuhi haina moshi?

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Tukaingia hadi mlango wa chumba, tukaita. Kutoka ndani nikasikia kitu kama mtu anayekwaruza mbao kwa kucha.

Mlango ulikuwa na komeo kwa ndani. Mkaguzi akaurukia kwa bega, yeye mtu mpole kiasi kile, ukafunguka robo ukakwama. Kilichoukwamisha kilikuwa mwili wa Bibi Tatu. Alikuwa amelala kwenye mkeka sakafuni, uso wake ukiwa umeelekea ule upenyo ulio chini ya mlango. Macho yake yalikuwa wazi lakini hayakutuona. Mkaguzi akamvuta nje kwa kwapa.

"Hewa!" akanipigia kelele. "Kosmasi, hewa!"

Nilitoka mbio nikazunguka nje na nyundo. Niliipiga mashine ile mara ngapi sijui. Ilianguka ndani kwa kishindo, na hewa iliyotoka kwenye lile tundu ilinigonga usoni, ya moto, nzito, yenye harufu ya majani ya mkaratusi. Haikuwa na harufu ya moshi hata kidogo. Hadi leo nashangaa. Haikuwa na harufu ya kitu chochote kibaya.

Niliporudi ndani nikaona kila kitu mara moja. Katikati ya chumba palikuwa na jiko dogo la mkaa, majivu meupe juu yake. Juu ya jiko palikuwa na chungu cha majani ya mkaratusi. Bi Zainabu alikuwa amekaa kando yake, mgongo umeegemea kitanda, kichwa kimeinama begani kama mtu aliyesinzia akisubiri maji yachemke. Mkono wake ulikuwa bado umeshika blanketi la kumfunikia mama mkwe wakati wa kumfukiza. Nilimwita. Nikamgusa shavu. Midomo yake ilikuwa myekundu, mizuri, kama ya mtu aliyetoka kuoga.

Alikuwa amekufa.

Nilisimama pale. Nilikuwa nimeshaona watu waliokufa, nilimzika baba yangu. Lakini huyu aliniahidi vitumbua. Nilikuwa nimebeba patasi ya kufungulia matundu, iko mkononi mwangu. Nikasikia Mkaguzi amesimama nyuma yangu. Hakuwa anamtazama Bi Zainabu. Alikuwa anakitazama kile kioo ukutani. Jasho lilikuwa linachuruzika upande wa chumba, matone yakifuatana, na upande wa ukuta kilikuwa kikavu kabisa.

"Niliuliza kupika," akasema. "Sikuuliza moto."

Kumbe kila jioni tangu baridi ianze, Bi Zainabu alikuwa anawasha mkaa uani, anasubiri moshi uishe, kisha anauingiza ndani kumfukiza mama mkwe wake kifua. Asubuhi analitoa jiko. Alitujibu kweli tupu. Kufukiza si kupika. Mvuke wa dawa ndio uliokuwa unalowanisha kuta, kuta zikaotesha kuvu, kuvu ikambana mama kifua, naye akazidi kufukizwa. Na mkaa usio na moshi ndio mbaya kuliko wote, kwa sababu unakula hewa nzuri na kutoa sumu isiyoonekana wala kunuka. Siku zote nyuma nadhani walipona kwa sababu mlango uliachwa wazi kidogo. Usiku ule baridi ilikuwa kali, wakaufunga.

Bwana Rashidi aliletwa na jirani. Alikuja akikimbia, kofia mkononi. Sitaeleza alivyolia. Alipoweza kusema, aliiendea ile mashine pale sakafuni akaipiga teke.

"Sanduku hili! Sanduku hili limemwua mke wangu!"

Watu walikuwa wameshajaa uani, na nikasikia neno lile linapita kutoka mdomo hadi mdomo: mashine imeua, mashine ina gesi, mashine ya Wazungu. Mkaguzi akasema kwa upole, "Bwana Rashidi, mashine ilikuwa imezimwa."

Bibi Tatu alikuwa ameketishwa barazani, amepakatwa na wanawake, fahamu zimemrudia. Akasikia. Akainua mkono tunyamaze.

"Kalasinga," akasema, "njoo hapa. Usinifiche, mimi mtu mzima. Ni sanduku au ni moto wa dawa yangu?"

Nilitamani ardhi inimeze. Wanawake walimtazama Mkaguzi kwa macho ya kumwomba aseme ni sanduku. Ingekuwa rahisi. Sanduku halina mtoto wala mkwe. Mkaguzi alichuchumaa mbele ya yule mama, kilemba chake kimejaa vumbi la mlango.

"Ni matundu, Bibi. Matundu yangekuwa wazi, moto usingemdhuru."

Bibi Tatu akafikiri. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za shamba, "Matundu aliyaziba nani?"

Nilitazama miguu yangu. Mwishowe Bwana Rashidi akaja akapiga magoti.

"Mimi, mama. Niliyaziba kwa ajili yako."

Yule mama akaweka mkono juu ya kichwa cha mwanawe. Hakumlaani, hakumfariji. Aliuacha tu pale, na huku pumzi yake inapiga mluzi akasema, "Lakini mimi ndiye niliyekuwa naumwa."

Tulimzika Bi Zainabu siku hiyo hiyo alasiri. Mkaguzi alisimama mbali kidogo, kwa heshima ya dini, na mimi nikasimama naye.

Baada ya msiba niliyafungua matundu yote ya nyumba ile. Hakuna aliyeniagiza. Nilifanya kazi polepole. Nyumba ilikauka kabla mwezi haujaandama. Kuvu ikapukutika ukutani kama unga. Na Bibi Tatu akapona. Mluzi ulimwisha kifuani, akaanza kutembea hadi sokoni. Siku moja nilimkuta njiani, anapanda mlima bila kupumzika, nikamsalimu na kumwambia nafurahi kumwona ana nguvu.

"Nimepona, fundi," akanijibu. "Nimpelekee nani habari?"

Nilimpokea kikapu, tukaenda.

Mkaguzi hakuwa yule wa zamani. Aliyaacha maswali yake ya mfuatano. Akawa anaingia nyumbani, anakaa, anamwomba mwenye nyumba amsimulie siku yake nzima, tangu anapoamka hadi anapolala. Wasaidizi wengine walinung'unika kwamba anapoteza muda. Kipupwe kile tulipita nyumba kwa nyumba, mjini na hadi Uyole, tukizibua matundu. Huko Uyole mama mmoja alitufukuza kwa mwiko wa ugali. "Mnatuletea baridi! Nyie mna makoti!" Mkaguzi akavua koti lake akampa. Yule mama alipolishika, akalegea, nami nikapanda ngazi. Nilifanya kazi chini yake mpaka alipohamishwa, na mahali pake akaja Mkaguzi mwingine, kisha mwingine. Wote niliwafundisha kuuliza habari za moto.

Nimestaafu sasa, naishi Iringa kwa mwanangu wa kike. Vijana wenye vyeti vya viyoyozi hunijia wakati mwingine, kwa sababu wamesikia nilikuwa fundi wa unyevu. Wananiambia mzee, mteja analalamika chumba kina maji ingawa kiyoyozi ni kipya. Nawaambia waangalie chujio, waangalie kama kinalalia nje, waangalie kama ni kikubwa kuliko chumba, maana kikubwa kinapoza upesi na kuzima kabla hakijanyonya mvuke. Hayo wanayajua. Kisha nawauliza: humo ndani anaishi nani, na anamfanyia nini mwenzake? Hapo wananiona nimezeeka.

Sijazoea mpaka leo. Watu hudhani mshtuko hupungua kwa miaka, lakini wangu umekaa pale pale. Siyo kwa sababu ya kifo peke yake. Ningeweza kuelewa kama ndani ya nyumba ile kungekuwa na mlevi, au mkatili, au mvivu. Nimewatafuta kichwani mwangu miaka yote hii, sijawapata. Mtoto aliziba matundu ili mama yake asipate baridi. Mkwe aliwasha moto ili mama mkwe wake apumue. Kila mtu mle ndani alikuwa anamtunza mwenzake.